Kuwahudumia wanaolala nje wakati wa janga: anzeni na choo

Amri ya "kaa nyumbani" ikitangazwa, kinachompata kwanza anayelala barazani ni kufuli, virusi huja baadaye. Siku za kawaida jiji humlea bila kujua: choo cha stendi, bomba la nyumba ya ibada, soketi ya maktaba anapochajia simu, mabaki ya mgahawani, mizigo ya kubeba sokoni, sarafu za wapita njia. Kisha siku moja vyote vinafungwa, na hakuna anayempa taarifa. Kwa hiyo kikundi kinachotaka kusaidia kisikimbilie kushona barakoa. Kijue kwanza nini kimefungwa.

Namna ya kujua ni kuzunguka. Nendeni alfajiri, mnamo saa kumi na moja, kabla watu hawajatawanyika. Tembeeni wawili wawili, na mmoja wenu awe sura inayofahamika pale. Msimulike mtu tochi usoni wala kumwamsha kwa kumgusa. Simameni hatua mbili mbali na miguu yake, mtoe salamu. Maswali manne yanatosha: unajisaidia wapi siku hizi, maji unayapata wapi, umekula mara ya mwisho lini, na kuna dawa unayotumia kila siku? Hili la nne wengi hulisahau, nalo ndilo linaloua kimyakimya. Mwenye kifua kikuu, anayeishi na VVU, mwenye kisukari au kifafa hukatika dawa pale usafiri unaposimama au kliniki inapopunguza siku. Andikeni jina la dawa na kliniki, kisha muombe apewe za miezi kadhaa kwa mkupuo. Ila kumbukeni kwamba mtu asiye na kabati hana pa kuzificha, basi tafuteni mahali pa kumtunzia.

Turudi kwenye choo. Viwango vya Sphere, vinavyotumika kwenye misaada ya dharura, huanza na choo kimoja kwa watu 50, kisha hulenga watu 20. Kujenga vipya huchukua muda, na jiji lina vyoo tayari, vimefungwa tu. Ombeni ufunguo. Makubaliano ya choo cha umma yataje mambo matatu kwa maandishi: nani anasafisha na analipwa na nani, nani anajaza maji, na saa za kufunguliwa. La saa ndilo huharibu mambo. Choo kinachofungwa saa kumi na mbili jioni hakimsaidii anayelala hapo, na asubuhi yake wenye maduka wanalalamikia uchafu, polisi wanaitwa, watu wanafukuzwa. Kiwe wazi usiku kucha, kiwe na taa na komeo la ndani. Pasipo komeo, wanawake hawataingia hata kiwe kisafi namna gani. Wekeni na taulo za kike hapohapo, mwanamke asilazimike kuziomba mbele ya foleni.

Kwa kunawa, kibuyu chirizi kinafaa kuliko ndoo yenye koki, kwa sababu mkono hauishiki koki. Dumu la lita 5 hutobolewa tundu la msumari karibu na mdomo, huning'inizwa kwenye fito, na kamba iliyofungwa shingoni huteremka hadi kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika. Tundu likiwa pana, maji huisha kabla foleni haijafika nusu. Chini mwageni changarawe, la sivyo kufikia jioni pana tope na hakuna anayesogea. Sabuni itieni ndani ya soksi kuukuu, muifunge kwa kamba. Itachukuliwa hata hivyo, na msiite wizi: aliyeichukua ana nguo moja na anataka kuifua. Dawa ya hilo ni kumpa kila mtu yake. Sphere hukadiria gramu 250 za kuogea na gramu 200 za kufulia kwa mtu kwa mwezi.

Vitakasa mikono vyenye pombe ya asilimia 60 au zaidi ni vizuri kwa wahudumu. Kuvigawa ovyo barabarani hatushauri. Mikono yenye grisi na udongo haitakasiki kwa hivyo, na kuna watakaovinywa, vikiwamo vilivyochakachuliwa kwa methanoli, inayopofusha na kuua. Kwa vitasa na vyoo, chukueni dawa ya klorini ya asilimia 5, mililita 20 katika kila lita ya maji, mpate mchanganyiko wa asilimia 0.1. Futeni uchafu kwanza, ndipo mpake, mwache angalau dakika moja. Mchanganyiko wa jana mwageni. Kamwe msiuchanganye na siki au sabuni zenye amonia, kwa maana mvuke wake unaumiza mapafu.

Barakoa nazo, mkigawa moja mmejidanganya. Ya anayelala nje hulala mfukoni pamoja na sarafu, huloa umande, na ikishaloa inabana pumzi, basi huteremshwa kidevuni. Gaweni kila mnapopita, kama mnavyogawa chakula.

Chakula kipelekeni kilipo kichwa cha mtu, msimwite kwenye uwanja mmoja. Kiwe kimeshaiva, nafaka mbichi kwa asiye na jiko atauza tu. Makosa ya kila janga ni kwamba vikundi kumi huja Jumamosi na hakuna anayeonekana Jumanne. Kaeni pamoja mgawane siku na mitaa.

Sasa pa kulala. Mnamo Machi 2020 huko Las Vegas, bweni moja la wasio na makazi lilifungwa baada ya mgonjwa kupatikana, na watu wakalazwa kwenye maegesho ya magari, ndani ya miraba iliyochorwa sakafuni, ilhali jiji lile limejaa hoteli zilizokuwa tupu. Uingereza mwezi huohuo ilielekeza halmashauri ziwaingize ndani wote waliokuwa wakilala nje, wengi wakawekwa hotelini. Chumba cha peke yake ndicho jibu. Ukumbi ni shingo upande, na bweni la vitanda vya ghorofa ni kuutafuta ugonjwa.

Huko Boston, bweni moja lilipopima watu wake wote mwanzoni mwa Aprili 2020, watu 147 kati ya 408 walikutwa na virusi vya korona, na wengi wao hawakuwa na dalili yoyote. Kipimajoto cha mlangoni, basi, kisiwape usingizi. Pimeni wote, na mrudie.

Mkilazimika kutumia ukumbi, fanyeni hesabu kabla ya kutangaza nafasi. Kitanda cha sentimita 80 kwa mita 2, kikiachiwa mita 2 kila upande, kinakula zaidi ya mita 11 za mraba. Ukumbi wa mita 10 kwa 20, ambao mwenyewe atawaambia unaingiza watu mia, unabeba 20 hivi. Fungueni madirisha ya pande mbili zinazoelekeana, na muongeze blanketi, kwa sababu baridi ikiwazidi watu watayafunga usiku mkiwa mmelala.

Kama vyumba havipo, kambi za watu ziacheni zilivyo. Mwongozo wa taasisi ya afya ya Marekani, CDC, mwaka 2020 ulisema hivyohivyo: kuzivunja huwatawanya watu mjini, hupoteza mawasiliano yao na wahudumu na kuongeza uwezekano wa ugonjwa kuenea. Ulipendekeza kila mtu aachiwe eneo la futi 12 kwa 12, yaani kama mita 3.6 kila upande.

Kutenga wagonjwa ndiko kunakoshindikana mara nyingi, na lawama humwangukia mgonjwa: "ametoroka." Kabla ya kulaumu, ulizeni aliacha nini nje. Aliacha begi lenye kitambulisho, mbwa, mwenzake, au deni la sigara. Mkimchukua mtu, chukueni na mzigo wake, muufunge mbele yake kwenye mfuko wenye jina. Wenza wote wawili wakiwa wameambukizwa, walazeni chumba kimoja.

Lakini pombe ndiyo msiichezee. Anayekunywa kila siku kwa miaka, akikatishwa ghafla, huanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa chache. Kifafa kinaweza kumjia kati ya saa 6 na 48, na kati ya siku ya pili na ya nne huweza kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo, mwili ukichemka. Mhudumu asiyejua atadhani ni homa ya ugonjwa uleule, au wazimu, na atafunga mlango. Hali hii inaua. Siku ya kwanza muulizeni waziwazi, bila mahubiri: ukiamka, kabla hujanywa, mikono inatetemeka? Uliwahi kuanguka kifafa ulipoacha? Akijibu ndiyo kwa lolote, tabibu amwone siku hiyohiyo, na hadi afike, asikatishwe kwa amri. Kwa watumiaji wa heroini hatari iko upande wa pili: chumba cha peke yake hakina mtu wa kuona pumzi ikikatika, na aliyekaa siku kadhaa bila kutumia hawezi tena kuhimili kiasi chake cha zamani. Gongeni mlango kila baada ya saa chache, muwe na naloksoni, dawa ya kumrudishia pumzi aliyezidisha heroini, na wahudumu wafunzwe kuitumia.

Chanjo zipelekwe wanakolala, kitambulisho kisiwe sharti. Ikipatikana ya dozi moja, chukueni hiyo. Ikiwa ni mbili, ya pili itolewe mahali palepale, saa ileile, na sura ileile, na nakala ya kadi ibaki kwenu, kwani ya kwake italoa au kuibwa.

Kafyu ikitangazwa, msingoje mtu akamatwe. Siku hiyohiyo nendeni kwa mkuu wa polisi wa eneo na ofisi ya afya, mpate barua yenye mhuri inayosema mwenye kuishika hana makazi na anahudumiwa na kikundi fulani, pamoja na namba ya simu inayopokelewa usiku. Ipakeni plastiki. Simu hiyo ashike mtu mmoja kwa zamu, na zamu iandikwe. Namba inayoita bila kupokelewa mara mbili, askari hawapigi tena, na barua zote zilizobaki mitaani zinakuwa karatasi tu.

Na vyumba mlivyokodi vina tarehe ya mwisho. Mtajieni kila mtu tarehe hiyo siku anayoingia, muirudie mwezi mmoja kabla, na mwanze mapema kumtafutia pa kwenda. Asitolewe mtu Ijumaa jioni, ofisi zote zikiwa zimefungwa hadi Jumatatu.