Masaa manne ya dripu ndiyo yaliyoniulia kangaja

Mkuu, usifanye hivyo. Nimesoma ulichoandika mara mbili na mikono inanitetemeka. Jumamosi unachukua kangaja wawili, samaki wa baharini wa kufuga kwenye tangi la kioo, maji ya dukani yanasoma 1.018 kwenye kipimo cha chumvi, ya kwako yanasoma 1.026, na muuzaji kakwambia uwadondoshee maji ya tangi lako kwa mpira wa dripu masaa manne, halafu uwatumbukize. Umeuliza pia waanzishiwe chakula gani na taa izimwe kwa muda gani. Chakula baadaye. Maiti halishwi.

Mimi nilifanya hivyohivyo. Kangaja wa buluu, uso mweusi, pezi la mgongoni njano kama ganda la ndizi mbivu. Hela niliyotoa siitaji hapa, mke wangu anasoma huu uzi. Aliyeniuzia alisema samaki "ametoka kufungwa sasa hivi". Kumbe alifungwa tangu saa mbili asubuhi, maana jamaa alikuwa anakusanya oda za watu wa njia moja apakie bodaboda mmoja. Mfuko ulinifikia Kimara saa moja na nusu usiku. Maji yake yameshapata ukungu, na kinyesi kinaelea.

Nikafuata maelekezo kama mtu anayesoma dawa ya hospitali. Nikafungua mfuko, nikammimina samaki na maji yake kwenye ndoo, nikafunga mpira nilioununua duka la dawa, kile kigurudumu chake nikakibana mpaka tone moja moja. Dakika ishirini hivi za mwanzo alikuwa ametulia. Baadaye matamvua yakaanza kwenda mbio, akawa anapanda juu kuhema. Sasa sikiliza ujinga wangu: nikasema labda maji mapya yanaingia haraka mno, nikabana kigurudumu zaidi! Niliambiwa "pole pole ndiyo usalama", basi nikazidisha pole pole. Saa ya pili akalala ubavu. Saa ya tatu ile njano ya pezi ikafifia ikawa kama karatasi ya zamani. Saa ya nne nikamhamishia tangini kwa heshima zote. Asubuhi alikuwa amebanwa kwenye mdomo wa chujio.

Mke wangu akaniuliza kwa upole kabisa: kama nilikuwa nataka samaki aliyekufa, si ningekwenda soko la samaki la Feri? Kwa hela ile ningerudi na changu wa wiki nzima na ndimu juu.

Kilichomuua nilikuja kukielewa baadaye, na ndicho ambacho hakuna muuzaji anayekwambia. Samaki akiwa ndani ya mfuko uliofungwa anapumua, kaboni dioksidi inajaa kwenye maji, pH inashuka, yaani maji yanazidi kuwa na tindikali. Wakati huohuo anatoa amonia. Lakini pH ikiwa chini, sehemu kubwa ya hiyo amonia inakaa katika hali ambayo haimuumizi sana. Kwa hiyo uchafu upo mwingi, sumu ni ndogo. Ukishafungua mfuko, ile hewa inatoka, pH inapanda, na amonia iliyokuwa imelala inaanza kuamka kuwa sumu kali. Juu yake unamdondoshea maji ya tangi yenye pH ya 8.2, unazidi kuiamsha. Unakaa pembeni na kikombe cha chai ukijiona mvumilivu, kumbe unampika. Mimi nilimpika masaa manne, moto mdogo.

Na bado chumvi. Damu ya samaki wa baharini kama kangaja ina chumvi kidogo kuliko bahari, karibu theluthi yake tu. Muda wote maji yanamtoka mwilini, anakunywa maji ya bahari kufidia, na chumvi iliyozidi anaitoa kwa matamvua. Ukimshusha kutoka chumvi nyingi kwenda kidogo, mara nyingi anastahimili. Ukimpandisha ghafla anakauka akiwa ndani ya maji. Masaa manne kwake ni ghafla. Mwili unahitaji siku kadhaa kujipanga.

Nilipompigia jamaa akaniambia, "Kaka, maji ya bahari ni maji ya bahari tu." Ningekuwa karibu ningemmwagia ndoo. Wiki mbili baadaye ndipo akakiri, tena bila aibu, kwamba tangi zake anaziweka chumvi chini makusudi kwa sababu hapo vimelea havisumbui sana, na anapunguza safari za kubeba madumu kutoka pwani. Sawa, biashara yake. Wauzaji wengi hufanya hivyo na si dhambi. Dhambi ni kukaa kimya wakati mteja anafungua pochi.

Lakini nisimtwike yeye yote. Lile joto letu la Dar linakausha maji ya tangi kila siku, na fundi aliyenifungia tangi aliniambia yakipungua niongeze maji ya bahari. Nikaongeza miezi mitatu, mtoto mtiifu. Kinachoruka ni maji, chumvi inabaki! Nilipokuja kuazima refraktometa ya jirani, kile kipimo cha chumvi, tangi langu lilisoma 1.031, wakati bahari yenyewe iko kwenye 1.025 au 1.026. Maji ya dukani yalikuwa 1.019. Nilimtoa samaki kwenye supu nyepesi nikamtia kwenye ng'onda. Yakipungua, ongeza maji yasiyo na chumvi. Na ya kisima yaonje kwanza, visima vingi vya mjini hapa vina chumvi yake.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitaiandika kila uzi mpaka mnifungie: samaki usimlazimishe afuate maji yako, maji ndiyo yamfuate yeye. Kabla hujaenda kumchukua uwe na boksi la pembeni lenye maji yanayosoma sawasawa na ya dukani. Mimi natumia lile boksi la plastiki la kuhifadhia nguo, la Kariakoo, linaingia lita 40 na nafasi inabaki. Lita 30 za bahari, lita 10 za maji ya kunywa ya dumu, yanakuja karibu 1.019. Wewe wa 1.018 ongeza maji ya kunywa kidogo kidogo huku unapima. Weka pampu ya hewa na sponji iliyokwishakaa wiki kadhaa kwenye tangi kubwa, ili bakteria wa kula amonia wawepo tayari.

Samaki akifika, acha mfuko uelee juu ya maji bila kuufungua, dakika 15 hadi 20, joto lilingane. Halafu fungua, mchote kwa kikombe au wavu, mtie kwenye boksi. Palepale. Hakuna dripu. Maji ya mfuko mwaga chooni, yasiguse boksi wala tangi. Kesho yake toa maji kidogo, weka ya bahari, refraktometa ipande 0.001 tu. Kesho kutwa hivyohivyo. Kutoka 1.018 mpaka 1.026 ni siku nane, si masaa manne. Akishafika, mwache humohumo mpaka mwezi utimie ukimtazama kama anatoa vidoa vyeupe; kangaja wana bahati mbaya na ule ugonjwa wa vidoa kuliko samaki wengi.

Maji ya bahari usichote karibu na daraja la Salender, hasa masika, mto Msimbazi unamwaga pale kila kitu. Nenda mbali na mdomo wa mto, maji yakiwa yamejaa.

Kangaja wangu wa pili nilimpitisha hivyo. Sasa hivi ananing'ata vidole nikisafisha kioo.

Una refraktometa yako au hiyo 1.026 uliambiwa na mtu? Isafishe, iweke sifuri kwa maji yaliyotoneshwa (distilled water), pima tena leo usiku, uniandikie hapa inasoma ngapi. Na mpigie muuzaji umwambie asifunge samaki mpaka akuone umesimama mbele yake.