Kutoka zahanati hadi bunge la kaunti

Swali: Shangazi, mimi ni muuguzi wa zahanati ya umma hapa Kwale. Akina mama wa kliniki wananihimiza niwanie kiti cha wadi 2027. Je, likizo yatosha?

Jibu: Haitoshi, mwanangu. Sheria ya uchaguzi yataka mtumishi wa umma ajiuzulu angalau miezi 6 kabla ya kura ya Agosti 10, na karo ya watoto haingoji. Lakini niko nawe kabisa! Afya imegatuliwa, fedha za glavu na dawa hupitishwa na bunge la kaunti, nawe umezalisha kwa mwanga wa simu. Eddie Bernice Johnson, muuguzi wa Dallas, alichaguliwa bunge la Texas 1972, akaja kukaa Kongresi ya Marekani miaka 30. Anza akiba sasa, na ukijiuzulu, dai nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa.