"Niliona, Kapteni, Nikadhani Una Sababu Yako"

Kijana, rubani msaidizi wangu, alikuwa na miaka 24 na saa kama 400 hivi za kurusha ndege. Mimi nilishapita saa 7,000 na mvi zilianza kubisha hodi. Tulikutana saa kumi za alfajiri, akanipa shikamoo huku ameinama kidogo, nikaitikia marahaba, tukakaa kuangalia hali ya hewa na hesabu ya mafuta. Safari ya Dar kwenda Mwanza kwa ATR, ndege ya mapangaboi mawili, safari niliyoizoea kama njia ya nyumbani.

Tukiwa tunapanda, mwongozaji wa anga akaturuhusu mpaka futi 13,000. Kijana ndiye aliyekuwa kwenye redio, akarudia sawasawa: elfu kumi na tatu. Mimi ndiye niliyekuwa narusha. Mkono ukazungusha kitufe cha kupanga kimo, na kwa sababu ambayo mpaka leo sijaipata, labda usingizi, labda mazoea, nikaweka 15,000. Taratibu inataka yule anayefuatilia anyooshe kidole kwenye namba na kuisoma kwa sauti. Kidole kilikuja kweli. Kikasita mbele ya kioo, kikarudi mapajani. Nilikiona kwa pembe ya jicho, wala sikukitilia maanani.

Tulishapita 13,000 kwa futi mia tatu ndipo mwongozaji alipotuuliza tuko wapi. Kuna ndege nyingine ilikuwa inashuka kuja Dar. Ilikuwa bado mbali, nashukuru Mungu. Tukashuka, nikaomba radhi, na jioni yake tukaandika ripoti.

Mwanza, tukisubiri abiria wapande, nikamuuliza, "Uliona?"

"Niliona, kapteni."

"Sasa?"

"Nikadhani una sababu yako."

Usimcheke. Mimi mwenyewe, nikiwa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, niliwahi kuingia uwanja mmoja kwenye mvua na kapteni aliyenizidi miaka ishirini. Kasi ilikuwa kubwa mno. Nilichotaka kusema ni "turudi juu". Kilichotoka mdomoni ni "leo upepo una nguvu, mzee". Akasema "Mm." Tukagusa lami njia ikiwa imeshaliwa nusu, breki zikanuka, na hakuna aliyeligusia jambo lile hata kwenye gari la kwenda hotelini.

Tumelelewa hivyo. Mkubwa hakatizwi, na ukiona kakosea unamzungukia kwa mafumbo mpaka ajishtukie mwenyewe. Ukumbini inafaa sana. Ndege inayokwenda mita sabini kwa sekunde haina muda wa fumbo.

Wengi hukumbuka ajali ya Tenerife, mwaka 1977, Boeing 747 mbili zilizogongana na watu 583 waliokufa. Mimi hufikiria zaidi Douala, kwa sababu ile ni ya kwetu. Usiku wa manane wa tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737 ya Kenya Airways iliondoka Douala, Cameroon, kurudi Nairobi, gizani, mvua imetoka kunyesha. Kapteni alikuwa na miaka 52, msaidizi wake 23. Kapteni alitamka kwamba ndege ishikwe na otopailoti, mtambo unaoirusha yenyewe. Haikushika, na hakuna aliyethibitisha. Ikaanza kulalia kulia polepole, bila kushtua mwili, mpaka kengele ya onyo ilipolia, na muda wa kuiokoa ulikuwa umebaki mchache. Watu 114, hakuna aliyepona. Wachunguzi waliandika, pamoja na mambo mengine, kwamba marubani hawakufuatilia vyombo wala kushirikiana inavyopaswa. Kilichohitajika pale ni mmoja kusoma taa ya otopailoti kwa sauti na mwingine kuitikia.

Kwa hiyo siku hizi nafanya mambo yangu, na nawasihi makapteni wenzangu wayajaribu. Kabla ya kuwasha injini namwambia msaidizi udhaifu wangu wa siku ile: nimelala kwa muda wa saa nne tu, au sijatua uwanja huu miezi sita. Ile "ukiona kitu sema" ya jumla haisaidii; kila kapteni huisema, hata wale wanaonuna ukisema. Lakini ukimwambia "leo nifuatilie namba, nimechoka", umempa kazi, na kazi haina utovu wa adabu. Tukikuta wingu baya namuuliza yeye kwanza. Nikianza mimi, atakubaliana nami tu.

Na tusidanganyane kwamba uzoefu uko upande mmoja. Mimi najua mawingu ya Ziwa Victoria yanavyochachamaa usiku kuelekea alfajiri. Yeye ametoka kwenye simuleta, ile mashine ya mazoezi ya marubani, mwezi jana, kitabu kimo kichwani, wakati mimi nina tabia za miaka kumi ambazo sina hakika kama bado zimeandikwa popote.

Mdogo wangu uliye kiti cha kulia, wewe nakuomba utaje namba. "Naona kama tunakwenda kasi" ni maoni, na mkubwa anaweza kuyapuuza. "Kapteni, kasi, zaidi kwa kumi na tano" hakuna wa kubishana nayo. Asipojibu, rudia. Akikaa kimya mara ya pili, chukua usukani wa ndege, mengine mtayazungumza chini. Shikamoo yako iache mlangoni, utaikuta mkishuka. (Kuna kapteni atakayekununia. Wapo. Kununa kwake hakutakuvunja mfupa.)

Yule kijana tulipangiwa tena baada ya wiki tatu. Alfajiri ileile, shikamoo ileile. Tumeshasukumwa nyuma, mkono wangu unaelekea kwenye taa, nikasikia upande wa kulia, sauti ndogo lakini haina mafumbo:

"Kapteni, mkanda."

Nikatazama. Wa kiunoni nilikuwa nimefunga. Ya mabegani ilikuwa inaning'inia nyuma ya kiti.