Msomaji Anauliza: Nimealikwa na Vigogo wa Nadharia ya Kompyuta, Nitaongea Nini?

Shikamoo Mwalimu. Nasoma PhD mwaka wa pili hapa Dodoma, nafanya algoridhimu za grafu, yaani hatua za kompyuta kutatua maswali ya nukta zilizounganishwa kwa mistari. Nimepata mwaliko wa warsha ya wiki moja Dagstuhl, Ujerumani, nadhani supavaiza ndo alipendekeza jina langu. Nimecheki listi ya walioalikwa, nusu yao ni watu ambao vitabu vyao ndo nasomea. Mimi pepa ninayo moja na haijatoka bado. Naogopa nitakaa kimya siku zote tano halafu nirudi nyumbani. Niende au nimwachie mwingine? Na slaidi niandae ngapi?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Marahaba kijana. Kumwachia mwingine futa kabisa, mwaliko wa kule unakuja na jina lako, haugawiwi kama tiketi ya Simba na Yanga. Slaidi nazo weka pembeni kwanza.

Dagstuhl ni jumba la zamani pale Wadern, jimbo la Saarland, huko porini kabisa, tangu 1990 watu wa kompyuta wanajifungia humo kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa. Kuna kitu chao kimoja utakipenda au utakichukia, mezani hukai unapotaka wewe. Majina yanachanganywa kwa bahati nasibu, ukifika unatafuta jina lako liko wapi unakaa hapo hapo, kwa hiyo kuna siku utajikuta umebanwa kati ya yule profesa wa kitabu chako na mtu wa fani ambayo hujawahi hata kuisikia. Swali litakuwa lile lile, unafanya nini? Hapo ndo pa kujiandaa. Tafuta sentensi tatu za tatizo lako ambazo mtu ataelewa huku anapaka siagi kwenye mkate: grafu za aina gani, unatafuta nini, umekwama wapi. Hiyo ya kukwama usiiache. Mtu wa nadharia ukimwambia umefaulu atakupa hongera aendelee kula, ukimwambia umekwama ataomba kalamu.

Halafu kuna vile vipindi vya matatizo ambayo hayajatatuliwa, mtu anasimama na chaki dakika chache, anaeleza swali, anasema kinachojulikana mpaka sasa, anakaa. Vijana wengi wanavichukulia kama mapumziko ya kuchati. Mi naona ndo roho ya warsha nzima. Mwaka 1960 Kolmogorov, mmoja wa vigogo wa hesabu duniani, aliwaambia watu kwenye semina yake Chuo Kikuu cha Moscow kwamba anaamini kuzidisha namba mbili hakuna mkato, ile njia tunayofundishwa shule ya msingi ndo mwisho wa reli, namba zikiwa na tarakimu n kila moja basi kazi ni kama n mara n. Ndani ya wiki moja kijana wa miaka 23, Anatoly Karatsuba, akaja na mkato.

Jaribu mwenyewe, 23 mara 41. Kawaida unazidisha tarakimu mara nne: 2×4, 2×1, 3×4, 3×1. Yeye anazidisha mara tatu. 2×4 ni 8, 3×1 ni 3, kisha unajumlisha tarakimu za kila namba, 2+3 na 4+1, unapata 5×5 ambayo ni 25, toa 8, toa 3, inabaki 14. Sasa ile 8 ni ya mamia, 14 ya makumi, 3 ya mamoja: 800 na 140 na 3, jumla 943. Kwa namba ndogo ni usumbufu tu sikatai, lakini chukua namba za tarakimu 1,024, uzikate nusu, na kila nusu uikate tena mpaka ubaki na tarakimu mojamoja, badala ya kuzidisha mara milioni moja na ushee unazidisha kama mara 59,000. Kolmogorov ilimtikisa, ila kikao kilichofuata aliisimulia mwenyewe mbele ya watu, semina ikaishia hapo.

Kijana yule alikuwa amekaa tu anasikiliza swali likisemwa kwa sauti. Kwa hiyo nenda na daftari, andika kila swali linalotajwa hata usipolielewa, na definisheni ikikupita uliza dakika ile ile, maana ukisubiri mpaka slaidi ya thelathini utakuwa umepotea na aibu imeshakua. Jioni watu wanakaa na jibini na mvinyo, we chukua juisi yako kaa nao, hakuna atakayekuuliza.

Mengine haraka haraka: malazi na chakula bei yake imepunguzwa lakini nauli kwa kawaida unajitafutia, na posho ya kikao usitegemee. Viza ya Schengen unaruhusiwa kuomba mpaka miezi sita kabla ya safari, bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000, barua ya mwaliko ibebe mkononi. Usisubiri wiki mbili za mwisho ndo ukimbilie Dar.

Mwalimu, kijana wangu anasema anasomea kompyuta lakini kila nikimtembelea namkuta ubaoni na chaki, kompyuta yenyewe imezimwa. Ananidanganya?
*Mzazi, Tanga*

Hapana mzee wangu. Anatafuta kitu gani kompyuta inaweza kukifanya haraka na kipi haitakiweza hata ukiipa miaka elfu, na hiyo huthibitishi kwa kuiwasha. Mnunulie chaki.

Habari Mwalimu. Ni lekchara kijana Nairobi. Watu wanne tulikutana kwenye warsha, tukaandika pepa, ikakubaliwa konferensi kubwa. Jina langu linaanza na W kwa hiyo nikawekwa mwisho, na aidia kubwa ilikuwa yangu. Sasa kamati ya promosheni inasema mwandishi wa mwisho hana pointi, na konferensi si jarida. Wenzangu wamenidhulumu?
*W., Nairobi*

Pole sana, lakini wenzako hawana kosa. Kwenye nadharia ya kompyuta majina yanapangwa kwa alfabeti, kama kwenye hesabu, awe profesa awe mwanafunzi. Kamati yako imezoea fani za maabara ambako wa kwanza ndo mwenye kazi. Usiende kugombana nao, wapelekee karatasi. American Mathematical Society, chama cha wanahesabu wa Marekani, walitoa tamko 2004 linaloeleza utaratibu huu wa alfabeti, liprinti uliambatishe, na omba barua fupi kwa wenzako kila mmoja aseme mchango wako ulikuwa upi. La konferensi ni gumu kidogo, kwetu sisi konferensi kama FOCS ya tangu 1960 na STOC ya tangu 1969 ndo mlima wenyewe, lakini mtu wa kilimo utamwelezaje hilo? Njia fupi ni kutanua ile pepa, proofu zote zikae kamili, muipeleke kwenye jarida, mfano SIAM Journal on Computing, inaruhusiwa na wengi wanafanya hivyo. Itachukua muda mrefu kwa hiyo anza mwezi huu huu. Na usithubutu kuwaomba wenzako wakutangulize safari ijayo, watakushangaa.