Kabla Hujaamini Kwamba Kampuni ya Magari Inakuja Kudhamini Timu Yako

Mwanza hatuhitaji mengi ili tetesi za udhamini zianze. Magari mawili mapya, viti bado vimevaa nailoni, yakiegeshwa nje ya CCM Kirumba siku ya mechi, basi. Kufika jioni kampuni imeshajulikana, kiasi kimeshatajwa (hakijawahi kushuka chini ya bilioni), na kuna mtu kule Igoma ana binamu aliyeshuhudia wakisaini.

Mimi ni shabiki wa timu yetu ya hapa Mwanza, Pamba, na riziki yangu inatoka kwenye spea za magari. Kwa hiyo tetesi za aina hii zinanifikia kutoka pande zote mbili: mashabiki wananiuliza kama nimesikia kitu kwa watu wa magari, na mafundi wananiuliza kama nimesikia kitu kwa watu wa timu. Siri sina. Ila kukaa katikati ya biashara hizi mbili kumenipa namna ya kuzipima tetesi, na namna yenyewe ni rahisi: kabla ya kuuliza watatoa shilingi ngapi, uliza gari lao linauzwa kwa nani.

Kampuni haiweki nembo kifuani mwa mchezaji kwa mapenzi. Inanunua macho ya watu ambao kesho wanaweza kununua bidhaa yake. Sasa simama nje ya Kirumba mpira ukiisha uangalie watu wanaondoka na nini. Utaona IST, Probox, Noah, Hiace za daladala, na pikipiki nyingi kuliko vyote hivyo. Hayo magari karibu yote yaliingia nchini yakiwa yameshatumika Japani. Anayeuza gari jipya kabisa hapa Kanda ya Ziwa anamuuzia serikali, mashirika, migodi ya Geita na Shinyanga, na makandarasi wa barabara. Hao hununua kwa zabuni. Hakuna ofisa ugavi atakayebadili zabuni kwa sababu ameona nembo kwa winga wa kushoto. Na mteja wangu mwenye IST, ambaye ndiye shabiki hasa, akija kutafuta shokapu anauliza kwanza kama nina za mtumba, maana mpya zimemshinda bei. Huyo ni mtu mzuri sana kwa biashara yangu, lakini kwa muuza magari mapya bado hajawa mteja.

Hapo mjuaji wa kijiweni atadakia: mbona Manchester United walivaa Chevrolet, na Uingereza Chevrolet zenyewe zilikuwa za kuhesabu? Swali zuri, na jibu lake ndilo lililonifungua macho. Mkataba ule ulitangazwa mwaka 2012, jezi ikaanza kuvaliwa msimu wa 2014/15, kwa takribani dola milioni 559 kwa miaka 7. Desemba 2013, yaani jezi haijavaliwa hata mara moja, General Motors, wenye Chevrolet, wakatangaza kwamba wanaiondoa Chevrolet kwenye soko la Ulaya. Kwa hiyo walikuwa wanalipa fedha zote hizo wakati hawana mpango wa kumuuzia gari shabiki aliyekaa Old Trafford. Waliyemlenga ni shabiki wa Asia na kwingineko anayetazama kwenye televisheni. Hata hivyo mkataba uliwaacha watu wengi na maswali, na bosi wa masoko wa General Motors, Joel Ewanick, aliondoka kwenye kampuni siku zilezile ulipotangazwa.

Kwa hiyo macho si lazima yawe ya uwanjani. Yanaweza kuwa ya kwenye televisheni, na ligi yetu inayo: Azam Media walisaini mwaka 2021 mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya Sh bilioni 225.6. Lakini ukishakubali hivyo, ukubali na upande wa pili. Kampuni inayotafuta macho ya televisheni Tanzania itaanza kwa Simba au Yanga. Ikija kwetu iwe na sababu ya kuja kwetu: tawi jipya Mwanza, wateja wa kanda hii, au bei ya udhamini iliyo nafuu kuliko ya timu hizo mbili za Kariakoo. Tetesi isiyoeleza sababu hiyo, mimi huwa sipotezi nayo kahawa.

Mfano wa karibu zaidi tuliuona wenyewe Julai 2024. Yanga walikwenda Bloemfontein, Afrika Kusini, wakawafunga Kaizer Chiefs 4-0 kwenye mechi ya Toyota Cup, kwenye uwanja uitwao Toyota Stadium. Wiki ile hapa mjini kila mtu alikuwa mtaalamu: "Mnaona? Toyota sasa wanakuja Tanzania." Taratibu, ndugu zangu. Toyota wana kiwanda Durban. Hilux inayotoka pale inanunuliwa ikiwa mpya na mwalimu, na polisi, na mwenye duka, kwa mkopo wa benki. Chiefs wana mashabiki wa aina hiyo kwa mamilioni. Nembo ile inamtazama mnunuzi. Hapa kwetu nembo ileile ingemtazama mtu ambaye tayari anaendesha Toyota, aliyoagiza kutoka Japani ikiwa na miaka kumi na kitu, na mwenye kampuni hapati hata senti kwenye mauzo hayo.

Ukitaka kuota ndoto yenye miguu, ota ya Malawi. Kule kuna timu ya Blantyre, Mighty Wanderers, iliyopata udhamini wa Be Forward. Wengi mnaowajua Be Forward mnawajua kwa sababu mmewahi kukesha kwenye tovuti yao mkilinganisha bei za Noah. Ni Wajapani wanaouza magari yaliyotumika, na mnunuzi wao ni huyuhuyu mwenzetu. Hesabu inakubali kabisa. Timu ikaitwa Be Forward Wanderers, na kwa jina hilo ikatwaa ubingwa wa Malawi mwaka 2017.

Lakini angalia na mwisho wa hadithi, kwa sababu tetesi zetu haziufikii. Udhamini ulipokwisha, jina likatoka. Baadaye wakaja Mukuru, watu wa kutuma na kupokea fedha, na timu ikawa Mighty Mukuru Wanderers. Mimi nina jezi ya Pamba ya zamani ambayo haina hata neno "Jiji", na najua wazee wangapi walinuna jina lilipobadilika kuwa Pamba Jiji, ingawa chini ya jina hilo ndipo tuliporudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25 baada ya kusota zaidi ya miaka 20. Sasa fikiria jina linalobadilika kila mkataba unapoisha. Kwa hiyo siku tetesi ikiwa kweli, swali lako kwenye mkutano wa tawi la mashabiki lisiwe la kiasi tu. Uliza jina linaguswa? Kwa muda gani? Mkataba ukivunjika katikati, jezi zilizokwisha chapwa ni hasara ya nani?

Kitu kingine cha kuangalia ni undugu. Kampuni nyingi za magari zilizomo kwenye mpira hazikuja kwa kubembelezwa, zilikuwa ndani ya nyumba tangu zamani. Juventus walianza kuvaa Jeep mwaka 2012, na familia ya Agnelli iliyo nyuma ya klabu ndiyo familia ya Fiat. Wolfsburg ni ya Volkswagen. Sochaux ya Ufaransa ilianzishwa na watu wa Peugeot mwaka 1928. Sisi hatuhitaji kwenda mbali kulielewa hilo, tumewaona kampuni ya GSM na Yanga. Kwa hiyo ukiambiwa kampuni fulani inakuja, angalia kama kuna mtu wa kampuni hiyo tayari amekaa karibu na klabu. Kama hayupo, na klabu yenyewe ni ya halmashauri ya jiji kama yetu, ujue hapo katikati kuna vikao na wanasheria, na watu wa aina hiyo hawasaini kitu kwenye maegesho ya Kirumba.

Na hata vikao vikiwapo kweli, bado. Bayern Munich wana Audi kama mbia mwenye asilimia 8.33 ya hisa. Kati ya 2018 na 2019 habari zilienea kwamba BMW, ambao makao yao yako Munich kwenyewe, wanakuja kuchukua nafasi hiyo. Haikuwa habari ya kijiweni. Mazungumzo yalikuwapo. Mwaka 2019 BMW wakajitoa, na baadaye Audi wakaongeza mkataba hadi 2029. Kama Bayern na BMW, wote wa mji mmoja, walikaa mezani na bado ikashindikana, basi wewe usinunue kitu kwa sababu ya "wameshakaa mezani".

Nasema usinunue kwa sababu kununua ndiko tetesi hizi zinakoishia. Kijana mmoja, mteja wangu, aliingia dukani akiwa na simu mkononi na furaha usoni. Kwenye simu kulikuwa na picha ya jezi ya timu yetu ikiwa na nembo ya magari kifuani, na namba ya mtu wa kumtumia fedha ili uwekewe yako mapema. Tukaikuza picha pale kaunta. Kitambaa cha jezi kilikuwa na mikunjo mitatu mikubwa kuanzia kwapani hadi tumboni. Nembo ilipita juu ya mikunjo yote hiyo ikiwa imenyooka kama imepigwa rula, haikupinda hata herufi moja. Kivuli cha mkono kilichokuwa kimeangukia kifua kilikatika kilipofika kwenye nembo, kikaendelea upande wa pili. Halafu nembo ya mdhamini wa ligi, NBC, haikuwapo popote. Kijana akakaa kimya kidogo, akafuta ujumbe aliokuwa ameshauandika wa kutuma fedha, kisha akanunua plagi zake akaondoka. Jifunze kukuza picha. Ni bure.

Pia usichanganye zawadi na udhamini. Mfanyabiashara akiipa timu basi, tunapiga vigelegele, na ni haki yetu. Mwanza ni mbali. Kwenda Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na timu za kanda hii zinajua mchezaji anavyoshuka kwenye basi bovu akiwa mguu umevimba. Kuelekea Bukoba kumekuwa nafuu tangu Daraja la JP Magufuli pale Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025, maana zamani muda wa kusubiri kivuko nao ulikuwa sehemu ya safari. Lakini basi linakunywa dizeli, linakula matairi, linahitaji dereva mwenye mshahara. Mimi nauza vifaa hivyo, naijua bei ya seti moja ya tairi za basi. Kama mkataba hautaji nani analipa huduma, mwaka wa pili basi hilo litakuwa kwenye uzio limeegemea matofali, na nembo ya aliyelitoa bado inang'aa ubavuni.

Kama kuna wa kuwatafuta, kwa maoni yangu ni watu wa pikipiki. Pikipiki mpya inauzwa hapa, kwa mkopo na kwa fedha taslimu, na mnunuzi ni kijana wa bodaboda wa Buhongwa au Kisesa ambaye Jumamosi yuko jukwaani Kirumba. Wapo pia watu wa bajaji, wa betri, wa oili, wa matairi. Wauzaji wao wa jumla wana stoo hapa mjini, na wengi wao hakuna aliyewahi kuwapelekea barua. Tawi lolote lenye uongozi wake linaweza kuomba uongozi wa klabu uiandike, na likajitolea kuipeleka kwa mkono. Picha za Land Cruiser tuwaachie wenye bando la kuchezea.