Unataka ICU, mwanangu? Anza na usawa wa transdyusa

Kijana mmoja wa Langoni, Lamu, ameniandikia: "Shangazi, namaliza uuguzi mwaka huu, nataka kufanya kazi ICU, kwa wagonjwa mahututi, kama wewe. Naanzia wapi?" Sitaficha, nimefurahi. Siku niliyovuka kwenda Mokowe na begi langu, wako waliodhani nakwenda kuolewa bara.

Miaka ya chuo naiacha, mnaijua. Anza na ile katheta ya mapafu, mpira mwembamba wenye puto, wa kupimia presha na kazi ya moyo. Huingizwa mara nyingi kwa mshipa wa shingo, puto la nchani likajazwa hewa isiyozidi mililita 1.5, halafu damu yenyewe ikalisukuma kupitia upande wa kulia wa moyo hadi ateri ya mapafu. Jeremy Swan, aliyeitangaza pamoja na William Ganz mwaka 1970 huko Marekani, alisimulia kuwa wazo lilimjia akitazama mashua za tanga ufukweni California. Nilicheka peke yangu darasani. Sisi Amu tumeona matanga yakijaa upepo tangu hatujajua kusoma, na hakuna aliyetuita wavumbuzi!

Karibu na ncha ipo sensa ya joto. Unapiga maji baridi kwa tundu la juu, sensa inasoma joto lilivyoshuka, mashine inapiga hesabu ya damu inayosukumwa na moyo. Mtu mzima aliyetulia hupata lita 4 hadi 8 kwa dakika. Presha yenyewe lakini husomwa nje, na transdyusa, kile kifaa kinachogeuza presha kuwa namba kwenye monita, kilichofungwa kwenye stendi, kupitia mpira uliojaa maji. Hapo ndipo penye kisa changu.

Usiku, hospitali moja kubwa ya Mombasa. Presha ya mapafu ya mzee mmoja imepanda, daktari anaagiza aongezwe dawa ya kukojosha. Nikatazama: kitanda kimeinuliwa wakati wa kubadili shuka, transdyusa imebaki kule chini. Inatakiwa iwe sawa na moyo, usawa wa nafasi ya nne ya mbavu, katikati ya ubavu. Ikishuka sentimita 10, monita inaongeza kama milimita 7 za zebaki, za uongo. Nikasema. Akanishushua mbele ya wanafunzi: "Sista, rudi Lamu ukachunge punda."

Nikaipandisha, nikafungua koki kwa hewa, nikaweka sufuri, nikaigeuza tena. Namba ikashuka. Dawa haikuongezwa. Yeye hakusema neno, hadi leo, na mimi bado linaniuma.

Kwa hivyo mwanangu, kila kitanda kikiguswa, pima usawa upya. Tazama wimbi la presha kwenye monita kabla ya namba. Ukishapima presha kwa puto, litoe hewa, likisahauliwa limejaa linaziba damu na pafu linaharibika. Na ujifunze ultrasaundi pia, maana katheta hii haitumiki tena kama zamani. Utafiti wa Uingereza uliotolewa 2005 haukuona kuwa inapunguza vifo ICU.

Nyinyi vijana wa leo mwasoma monita jicho moja, jingine kwenye simu. Acheni. Yule aliyelala pale ana watu wake gatini wanaongoja habari. Lala mapema, sali, usiogope koti jeupe. Na usawa wa transdyusa, nishasema? Narudia.

Habari ya mshahara uliyoniuliza, nipigie simu.