Ukishuka Pwani Kucheza Gofu, Zihesabu Upya Fimbo Zako

Gofu nimejifunzia Mufindi, katikati ya mashamba ya chai, ambako asubuhi ya Juni ukungu hauondoki mpaka saa nne na suruali inalowa hadi magotini kabla hujamaliza shimo la pili. Baada ya miaka kadhaa nikashuka Dar es Salaam kucheza kwenye uwanja wa zamani, mtaa tulivu, bahari iko jirani. Nawaandikia wenzangu wa Mafinga, Iringa na Mbeya wanaojipanga kwa safari kama hiyo.

Piga simu kwanza. Viwanja vya aina hii ni vya wanachama, ila mgeni hupokelewa kwa kulipa ada ya siku. Mimi sikupiga. Nilifika Jumamosi nikakuta wanachama wana shindano lao, nikarudishwa getini baada ya kukaa kwenye basi jana yake tangu alfajiri. Iliniuma sana. Uliza wageni wanacheza siku zipi, na kama malipo ya kedi, yule anayekubebea fimbo, yamo kwenye ada au ni ya pembeni. Fulana isiyo na kola na jinzi ziache nyumbani. Nilirudi Jumanne, uwanja ulikuwa karibu wangu peke yangu.

Sasa jambo lenyewe. Mufindi tuko juu, sehemu nyingi zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na hewa huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya sita. Mpira haupati kizuizi kikubwa, unakwenda mbali. Fimbo ya chuma namba 7 inanipa mita 140 nyumbani; namba ikishuka, mpira unakwenda mbali zaidi. Kwenye shimo la tatu nilikuwa na mita 140 kamili, nikaomba namba 7. Kedi, mzee wa makamo, akanipa namba 6.

"Namba 7, mzee wangu," nikasema.

"Umetoka wapi, mwanangu?"

"Mafinga."

Akanipa namba 7 bila neno. Niliupiga vizuri kabisa, na mpira ukadondoka kwenye mchanga, mita kama kumi kabla ya grini, zile nyasi fupi zenye shimo. Akanifuata taratibu na reki mkononi. "Huku hewa ni nzito. Ongeza fimbo moja, kila mara."

Nikaongeza, na alama zikaanza kurudi. Halafu kuna hili ambalo wengi hawalitegemei: hewa nzito huupinda mpira zaidi. Kosa dogo la mkono ambalo Mufindi linakuacha pembeni kidogo ya njia, pwani linakupeleka kwenye miti. Kama mpira wako una tabia ya kukimbilia kulia, nenda kiwanja cha mazoezi nusu saa kabla, usisubiri tii ya kwanza, pale unapoanzia mchezo, ikufundishe.

Omba muda wa mapema, saa kumi na mbili na nusu au saa moja. Kadiri jua linavyopanda, nchi kavu inapata joto na upepo wa baharini unaanza kuvuma. Ukichanganyika na kusi, katikati ya mwaka, fimbo moja ya ziada haitoshi. Na maji, jamani. Sisi wa baridi hatuna mazoea ya kunywa maji uwanjani. Beba lita mbili.

Kwenye grini, chuchumaa utazame nyasi. Yule mzee alinionyesha kwa kidole: upande unaong'aa, nyasi zimelala kuelekea mbele yako, mpira utateleza, gusa kidogo. Upande uliofifia zinakukabili, piga kwa nguvu kiasi. Nyumbani sikuwahi kuzitazama hivyo, na siku ile pekee ziliniokolea mikwaju mitatu.

Ukirudi Mufindi, punguza ile fimbo uliyoongeza. Mimi nilisahau, na mpira wa kwanza ukapita juu ya grini ukaingia kwenye chai.